Jumatano Mpimaji Alipoanza Kufuga Nyuki

Mpwa wangu ana tabia moja aliyoirithi kwangu, na nyingine zote alijitafutia mwenyewe: hawezi kunyamaza watu wakiwa wanamsikiliza. Mama yake, yaani dada yangu, husema huo ni ugonjwa. Mimi husema ni kipaji, maana hata mimi ninacho na kimenifikisha mbali. Kimenifikisha, kwa mfano, kwenye kiti cha mbele kabisa cha ukumbi wa maktaba kuu ya jiji, kila Jumatano alasiri, huku watu wenye digrii zao wakikaa nyuma yangu na kulazimika kuchungulia pembeni ya kichwa changu. Na kichwa changu si kidogo.

Yeye ni mkutubi. Anakaa kwenye kaunta ya ghorofa ya chini, chini ya kibao kilichoandikwa ULIZA USOME NINI, na kazi yake ndiyo hiyo hiyo: unamwuliza usome nini, anakuambia. Wasomaji wanamwita Daktari, kwa sababu hakupi kitabu kabla hajakuhoji. Unalala vizuri? Umegombana na nani? Kitabu cha mwisho ulikiachia wapi, na kilikukera nini? Akishakuhoji anapotelea kwenye rafu, anarudi, anakuwekea kitabu mbele yako kama dozi. Nimemwona mwanamume aliyeachwa na mkewe akipewa kitabu cha nyota na sayari. Alitoka amenuna. Wiki iliyofuata alirudi kuulizia kama kuna kingine kinachoendelea pale kile kilipoishia. Mimi alinipa kitabu kinene cha wafalme wa kale, nikakisoma chote isipokuwa katikati.

Sharti lake lilikuwa moja tu: hapendekezi kitabu ambacho hajakisoma hadi mwisho. Wenzake walipendekeza kwa kuangalia jalada, na hakuna aliyewauliza. Yeye alisema ukimpa mtu kitabu usichokijua mwisho wake, ni sawa na kumpandisha mgeni basi usilojua linakokwenda.

Lakini alichokitaka hasa ni kutoka. Kaunta ile haina dirisha. Ukumbi wa juu una madirisha makubwa, ila mafundi waliopaka rangi waliyapaka pamoja na fremu zake, yakagandana, na tangu hapo hayajafunguka. Aliwahi kuniambia, "Mjomba, mimi najua kuna mvua nikiona watu wanaingia na mabega yaliyolowa." Alisema huku anacheka, nami nikacheka.

Pale uani kulikuwa na gari la maktaba, basi dogo lenye rafu ndani, linalozunguka mitaa ya pembezoni ambako watu hawana nauli ya kuja mjini kuazima kitabu. Dereva wake, mzee mmoja mpole ambaye ndiye pia aliyekuwa akiazimisha vitabu, alikuwa mbioni kustaafu. Mpwa wangu alishajipanga zamani. Alikwenda kusomea leseni ya magari makubwa baada ya kazi, jioni kwa jioni, hadi akaipata. Gia nilimfundisha mimi. Breki alifundishwa na mwalimu, ndiyo maana hadi leo breki zake ni nzuri.

Akamwendea Mkuu wa maktaba. Mkuu ni mtu wa tai na tabasamu, hana ubaya, ila anapenda ukumbi ujae kama mwenye duka anavyopenda foleni. Akamwambia, "Binti yangu, gari ni lako, nani mwingine? Ila usiniachie Jumatano nusu nusu. Malizeni kitabu mlichokianza, kisha uje uchukue funguo."

Hapo ndipo aliponasa, ingawa siku ile alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Hizo Jumatano zilikuwa za kuwasomea watu kwa sauti pale ukumbini. Kabla yake Mkuu alishajaribu kila aina ya shughuli: mhadhara wa usafi wa meno, mafunzo ya kuandika barua za kazi, mashindano ya drafti. Walikuja walinzi wa jengo na mimi. Ndipo Daktari akachukua riwaya moja ya mapenzi aliyoisoma akiwa msichana, hadithi ya msichana mshonaji nguo na kijana mpimaji ardhi, akaanza kuwasomea watu, sura moja kila wiki. Wiki ya kwanza tulitosha kwenye benchi moja. Baada ya muda watu walikuwa wanakaa sakafuni.

Ila kwa kitabu hicho alivunja sharti lake. Hakukirudia kabla ya kuanza. Alisema, "Nilishakisoma, Mjomba. Mwisho wake nimeusahau, nakumbuka tu kwamba nililia." Akaona inatosha.

Sasa maktaba ile ina karakana ya majalada chini kabisa, karibu na matangi ya maji. Vitabu vilivyochakaa hushushwa huko, fundi anavivua majalada, anavishona upya, anavivalisha kitambaa cha rangi moja, kisha anavigonga jina mgongoni. Anavifanya vingi kwa pamoja, mezani pamejaa vitabu visivyo na nguo. Siku moja vitabu viwili vya kimo kimoja vililala jirani. Fundi akachukua mwanzo wa hiki na mwisho wa kile, akashona vizuri kabisa, tena kwa uzi imara.

Nilikuwepo siku ilipogundulika, na nilikuwa karibu kuliko wote. Mpimaji alikuwa amesimama mlangoni kwa kina Mshonaji, mvua inamnyeshea, mkono ameuinua abishe hodi aende kumkabili mama wa msichana. Mpwa wangu akahamia ukurasa wa pili. Nikamwona macho yamemsimama. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akaenda tena mbele.

"Mpimaji akabisha hodi," akasema, polepole.

Tukasubiri.

"Ndani hakuitika mtu. Akasikia tu mvumo. Akasukuma mlango, na kumbe… kumbe sebuleni mle kulikuwa na nyuki."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Nikajisemea moyoni, huyu mwandishi ni mkali.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu aliniuliza, "Mjomba, umeona kitu leo?"

"Nimeona nyuki."

"Kitabu kimekwisha."

"Kimekwishaje na unene huo?"

Akakitoa kwenye mkoba, akanifungulia. Upande wa kushoto, Mpimaji mlangoni na mvua yake. Upande wa kulia imeandikwa: *Mzinga uwekwe mbali na njia ya mifugo, mlango wake usielekee upepo.* Na kuanzia hapo hadi jalada la nyuma ni ufugaji wa nyuki mtupu, na michoro yake.

Nilicheka hadi nikashika ukuta wa watu.

"Waambie," nikamwambia nilipopata pumzi.

"Niwaambie nini? Umeona walivyokuwa? Na Mkuu akijua, fundi mzee wa kule chini anamwaga unga. Hapana. Wiki ijayo nawabunia kurasa chache, wanafunga ndoa, nachukua funguo."

"Hapo umesema. Hadithi kitu gani bwana! Mimi nimewahadithia watu maisha yangu yote na hakuna hata mmoja aliyeniomba ukurasa."

Jumatano iliyofuata alijitahidi kuwaozesha. Alishafika kwenye nguo ya bibi harusi. Bibi Nesi, mama mmoja aliyestaafu uuguzi na hajastaafu kuamrisha, akainua mkono.

"Daktari, samahani. Na wale nyuki?"

"Walifukuzwa, Bibi."

"Na nani? Na yule mama mtu, kwa nini hakuitika hodi? Alikuwa wapi na nyuki wamejaa sebuleni?"

"Ndiyo, alikuwa wapi?" akadakia Fundi Cheche, mchomelea vyuma wa mtaa wa nyuma, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo madogo ya moto. Tangu aanze kuja Jumatano, karakana yake hufungwa mapema.

Mpwa wangu akaangalia kitabu kana kwamba majibu yamo. Na akajibu. Mama alikuwa amekwenda kwa kaka yake. Kaka mtu alikuwa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa na mtoto aliyekataa kurudi nyumbani. Saa ikaisha, harusi haikufungwa, na wamezaliwa watu watatu wapya wanaotaka kujulikana habari zao.

Ikawa hivyo kila wiki. Anaingia na nia ya kufunga, anatoka na ukoo mpya. Mbaya zaidi, macho yake yalikuwa lazima yawe kwenye karatasi, na karatasini pameandikwa nyuki, kwa hiyo akikwama analazimika kusoma kinachoonekana. Ndivyo Mpimaji alivyoacha kupima ardhi akaanza kufuga. Ndivyo tulivyojua malkia wa nyuki anatambulika vipi na moshi unapulizwa upande gani. Kule chini rafu ya kilimo ikabaki na mianya, kila kitabu chenye neno nyuki kimeazimwa. Fundi Cheche alitengeneza mzinga wa bati, akaambiwa na Bibi Nesi kwamba atawaoka wadudu wa watu.

Watu walicheka. Mpwa wangu alikonda.

Kitabu kile kililala naye na kuamka naye. Wasomaji walikitaka, walijiandikisha kukingoja, naye akawa anasema kitabu ni cha ukumbini tu, hakitoki. Alikuwa hajawahi kumdanganya mtu kwenye kaunta ile. Siku moja akaja dada aliyefiwa na mumewe, akaomba kile cha Jumatano, akisema amesikia ndani yake kuna mwanamke aliyengoja na hakuvunjika.

"Nikampa kingine," mpwa wangu aliniambia jikoni kwa mama yake, uso ameuinamisha kwenye kikombe. "Nilikuwa sina akili ya kutafuta. Nilimpa kwa kuangalia jalada, Mjomba."

Dada yangu akaniangalia mimi. Sijui kwa nini kila kitu katika ukoo huu kikiharibika naangaliwa mimi.

Huku na huku, yule dereva mzee alishaanza kuondoa vitu vyake garini. Leo mto wake wa kukalia, kesho picha ya wajukuu. Mkuu akikutana na Daktari kwenye ngazi humwuliza, "Vipi, kimekwisha?" Naye hujibu, "Karibu, Mkuu." Alijua gari halitakaa uani likimngoja. Dereva akiondoka, lazima apande mwingine.

Basi nikampa ushauri, maana mimi sinyimi watu ushauri. "Muue Mpimaji."

"Mjomba!"

"Mtu akishakufa hadithi imekwisha. Watu wanavaa viatu wanakwenda makwao."

Jumatano hiyo aliingia amevaa ile blauzi yake ya siku za usaili. Akamtoa Mpimaji asubuhi na mapema, akampeleka kwenye mizinga bila moshi wala kofia ya wavu, akawaamsha nyuki. Walimvamia kichwani, shingoni, mikononi. Akaanguka. Mshonaji akaja mbio na uzi bado mdomoni, akapiga magoti. "Na Mpimaji," mpwa wangu akasema, sauti imemtetemeka vizuri sana, "hakuamka tena." Akafunga kitabu.

Mtu mmoja nyuma akapenga kamasi. Nikaanza kutafuta viatu vyangu, nilikuwa nimevivua kidogo.

Bibi Nesi akasimama.

"Nani amempima mapigo?"

"Bibi?"

"Nauliza, nani amempima mapigo ya moyo? Mimi nimezeeka wodini. Mwanamume mzima, kijana, ameumwa na nyuki, ameanguka. Huko ni kuzimia. Yule binti ni mshonaji, anajua nini kuhusu kifo? Alimshika wapi?"

"Mkononi," mpwa wangu akasema, bila kujua kwamba ameshaingia mtegoni.

"Mkono umevimba! Utasikia nini kwenye mkono uliovimba? Ashike shingoni."

"Ashike shingoni!" akasema Fundi Cheche.

"Shingoni, Daktari," watu wakaitikia, hata wale wenye digrii.

Nilimwangalia mpwa wangu. Mlango ulikuwa mwisho wa ukumbi, na kati yake na mlango wamekaa watu hadi sakafuni, wote wamemwinulia nyuso. Akafungua kitabu. Akapitisha kidole kwenye mchoro wa mzinga uliopasuliwa katikati. "Akamshika shingoni," akasema. "Na mapigo… yalikuwepo. Kwa mbali. Akabebwa, akalazwa kitandani."

Makofi yaliyopigwa yalimleta Mkuu kutoka ofisini kwake.

Kilichomtoa kwenye mtego huo kilikuwa ni wema, na ndicho kilichomtia kwenye mwingine. Fundi Cheche alikuwa na binti yake anayefanya kazi jiji jingine. Akamwagiza amtafutie kitabu kama kile, akipate kwa gharama yoyote, apate kufuatisha kwa macho. Jumatano iliyofuata akaja nacho kwenye mfuko wa plastiki, akakaa mbele, ubavuni kwangu, akavaa miwani.

"Daktari, niambie tuko ukurasa wa ngapi twende pamoja."

Mpwa wangu alikiona. Alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti cha msomaji chenye mikono pande mbili. Akataja ukurasa, sijui kwa nini, labda kwa mazoea ya kusema kweli. Fundi Cheche akaufungua, akasoma kimya, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mbona hapa Mpimaji yuko kwenye treni?"

Bibi Nesi akainuka akaja kuchungulia.

Hapo mpwa wangu akasimama, akageuza kitabu chake kikawaelekea watu, akakizungusha taratibu kama walimu wanavyowaonyesha watoto picha. Wakauona mzinga. Wakaona wadudu waliochorwa na mishale yenye namba. Akawaambia yote, tangu Jumatano ile Mpimaji alipokuwa kwenye mvua: karakana, majalada, hodi, kila kitu alichokitoa kichwani. Mkosaji aliyemtaja ni yeye peke yake. Kuhusu fundi wa chini, alisema hamjui ni nani, vitabu ni vingi, ni zamani sana.

"Fundi Cheche asome mwisho wa kweli," akasema. "Ni haki yenu. Kisha tufunge."

Fundi Cheche akasoma. Hakuwa msomaji mzuri, alikuwa anakata maneno kama vyuma, lakini tulielewa. Mama hakukubali. Mshonaji aliolewa na mtu mwingine. Mpimaji akahamishiwa mbali, akarudi baada ya miaka kwa kazi, akapewa kiwanja apime, akakipima chote kwa uaminifu, na kilikuwa ni kiwanja cha nyumba ya Mshonaji na mumewe. Kikaishia hapo, amekunja kamba yake anaondoka.

Mpwa wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Machozi yanamtoka tu. Mimi nilikuwa na kitu jichoni.

Nikajua sasa amefunguliwa. Kitabu kimekwisha kweli, mbele ya mashahidi. Nikamkonyeza, nikamwonyesha kwa vidole alama ya usukani. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua.

"Ni kizuri," Bibi Nesi akasema alipomaliza kujipangusa. "Kizuri sana. Lakini si chetu."

"Mpimaji wetu yuko kitandani amevimba," akasema Fundi Cheche, akakifunga kitabu chake akakirudisha mfukoni.

"Huwezi kumwacha mgonjwa hivyo, Daktari."

Na mlangoni, mikono ameifumbata kifuani kwa furaha, alikuwa amesimama Mkuu. Alikuwa amesikia yote. Mimi nilidhani atafoka. Alifuta jicho! Kesho yake asubuhi bango lilishabandikwa pale nje, na picha ya mpwa wangu aliyopigwa siku ya kuajiriwa, limeandikwa kwamba kila Jumatano Daktari anasimulia, hadithi isiyo na kitabu.

Mpwa wangu akaenda ofisini kwa Mkuu kudai funguo. Nilimsindikiza, nikabaki mlangoni, na mlango wenyewe haufungi vizuri.

"Kitabu kimekwisha, Mkuu. Tulikubaliana."

"Kimekwisha, ndiyo. Ila kama ungekuwa unasoma tu, ningemweka yeyote kwenye kile kiti. Kumbe ulikuwa husomi!" Akacheka kwa mapenzi kabisa. "Gari anaweza kuendesha mtu yeyote mwenye leseni."

"Mimi ninayo leseni."

"Na Bwana Magazeti pia anayo. Je, Bwana Magazeti anaweza kunijazia ukumbi?"

Bwana Magazeti ni yule wa chumba cha magazeti, mtu ambaye husinzia ameshika kurasa za michezo.

"Mkuu, mimi nataka kutoka," mpwa wangu akasema. Alisema hivyo tu.

"Binti yangu, watu wanakupenda," Mkuu akajibu, naye alidhani amejibu.

Alipotoka nilimwambia twende kwa wakubwa wa Mkuu, tuandike barua, tupige kelele, nawajua watu. Akanishika mkono. "Mjomba, nyamaza kidogo," akasema. Na mimi, ambaye sijawahi kuambiwa hivyo nikatii, nilinyamaza.

Gari liliondoka siku ya Jumatano. Asubuhi yote alikuwa uani, amekunja mikono ya blauzi, anapanga vitabu kwenye rafu za ndani, anamwelekeza Bwana Magazeti: kule kituo cha mwisho kuna mwanamke anapenda safari za baharini, usimpe mashairi, hayataki, pale shuleni waulize kwanza wamemaliza nini. Bwana Magazeti alikuwa anaitikia ndiyo huku akitafuta jinsi ya kusogeza kiti. Kisha saa ikafika, mpwa wangu akapanda juu ukumbini.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye korido. Bibi Nesi alikuwa amemwekea mto kwenye kiti ili asiumie mgongo. Fundi Cheche alimsogezea maji. Akakaa, mikono haijui pa kukaa kwa kuwa sasa hakuna kitabu.

"Haya, Daktari," wakasema. "Tulimwacha kitandani."

"Mpimaji aliamka," akaanza. "Uvimbe ulikuwa umepungua. Akaomba viatu vyake, akavivaa. Alitaka kutoka nje."

"Aa, bado," akasema Bibi Nesi. "Ni mapema mno. Mwache apumzike."

"Apumzike kwanza," wakasema wengine, kwa huruma kabisa, hadi kule koridoni.

Mpwa wangu aliwatazama. Nilifikiri atakataa. Akashusha pumzi, akamvua Mpimaji viatu, akamrudisha kitandani, akamfunika shuka.